Jiwe la Sdok Kok Thom: Wakfu wa Hekalu, Hati ya Mashamba

Jiwe la Sdok Kok Thom lilichongwa karibu mwaka 1052, enzi za Udayadityavarman wa Pili, mfalme wa Angkor, kuweka kumbukumbu ya wakfu wa hekalu la Shiva. Hekalu hilo lipo hadi leo mkoani Sa Kaeo, mashariki mwa Thailand, jirani na mpaka wa Kambodia. Jiwe lina kimo cha mita moja na nusu hivi na nyuso nne, zenye mistari 340.

Lugha zake ni mbili, na kila moja ina kazi yake. Kisanskriti, katika beti 130, kinamtukuza Shiva na kuwasifu wafalme na makuhani. Kikhmeri cha kale kinafuata kwa nathari kavu kama daftari la karani: shamba fulani lilitolewa na mfalme yupi, kwa nani, likarithiwa na nani. Anayetaka kujua jiwe lilichongwa kwa nini na aanzie hapo.

Mwenye hekalu, kuhani Sadashiva, alitoka katika ukoo uliodai haki ya pekee ya kuendesha ibada ya kifalme ya devaraja. Jiwe linasimulia kwamba mfalme Jayavarman wa Pili, alipokuwa mlimani Mahendraparvata, yaani Phnom Kulen ya leo, alimtaka Mbrahmini Hiranyadama afanye ibada ya kuikomboa nchi kutoka Java. Hiranyadama akamfundisha Shivakaivalya, mkuu wa ukoo huo. Wanahistoria huliweka tukio hilo mwaka 802. Tangu hapo ukuhani ukarithiwa kuukeni kwa takriban miaka 250. Hayo, hata hivyo, ni maneno ya mrithi mwenyewe, naye alikuwa na mashamba ya kulinda.

Mfalme Suryavarman wa Kwanza alimtoa Sadashiva katika ukuhani na kumwoza mdogo wake malkia. Vita vya kipindi hicho vilikuwa vimeacha sanamu zimevunjwa na vijiji vimekuwa mahame. Sadashiva akazisimamisha upya na kurudisha watu. Udayadityavarman, aliyekuwa mwanafunzi wake, akampa cheo na kumjengea hekalu.

Mwanazuoni Louis Finot alichapisha maandishi hayo mwaka 1915. Baadaye jiwe lilipelekwa Bangkok, na mwaka 1960 moto ukaliharibu vibaya. Limeungwa na kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa. Matini kamili husomwa kwenye nakala zilizochukuliwa kabla ya moto.