MKONO UMETOKA MALENGELENGE? KUMBUKA ULISHIKA NINI

Ndugu mkulima, mvua zikianza hapa Kasesya na Ufipa yote, wadudu huwa wengi. Wakati huo watu wengine huamka asubuhi na kukuta mkono umetoka malengelenge. Ngozi ni nyekundu na inachoma kama imemwagiwa maji ya moto. Wengine husema wamelogwa, wakamshuku jirani. Usifanye hivyo. Jiulize kwanza: jana na juzi mkono huu ulishika nini?

Je, usiku ulikaa karibu na taa? Huenda ulimponda nzi wa Nairobi. Jina lake ni nzi, lakini yeye ni mbawakawa mdogo na mwembamba, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele. Kichwa na mkia ni vyeusi. Mwili ni mwekundu, na mgongoni ana mbawa fupi za buluu. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya damu yake. Ukimponda, sumu hiyo hupaka ngozi. Siku ya pili ngozi huwa nyekundu, halafu hutoka malengelenge, mara nyingi kwa mstari. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilimfanya awe mwingi sana nchini Kenya, na watu wengi waliugua. Akitua mwilini, mpulize aondoke. Shambani ni rafiki yetu, maana hula wadudu waharibifu.

Je, ulikuwa kwenye maharage yenye maua? Huko yuko mbawakawa mwingine, mkubwa zaidi. Ni mweusi, mwenye mistari ya njano au nyekundu. Hula maua, na maua yakiisha hupati maharage. Ukimshika, hutoa maji ya njano magotini. Maji hayo ndiyo yanayoleta malengelenge. Usimwokote kwa mkono mtupu. Asubuhi na mapema, angali mzito kuruka, mkung'ute kwa kijiti aangukie katika ndoo ya maji ya sabuni.

Sumu ya wadudu hawa ikikugusa, osha mara moja kwa maji na sabuni. Usipikiche macho. Usitumbue malengelenge. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

Lakini je, ulichuna ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla? Hapo hatari ni kubwa. Kidonda cha kimeta huanza kama kipele kinachowasha. Kisha huwa lengelenge, na baadaye katikati huwa cheusi. Mara nyingi hakiumi. Usidanganyike kwa sababu hiyo, kwani kimeta huua. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Nyama ya mnyama huyo isiliwe. Mwarifu bwana mifugo.

Mganga wa zahanati anayo dawa, lakini hakuwapo ulipokuwa shambani au zizini. Wewe ndiwe unayejua mkono wako ulishika nini. Mwambie.