Bembea Haikupi Ruhusa ya Kukacha Ada

Nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji yuko Houston: "Wakili, HOA, yaani chama cha wenye nyumba, wamenipiga faini kwa bembea ya watoto niliyoisimamisha uani kwangu. Nikizuia ada mpaka wafute faini, watanifanya nini?"

Watauza nyumba yako.

Ushauri huu wa "wanyime ada watie adabu" unazunguka kwenye sherehe na makundi ya WhatsApp, na kila anayeutoa hajafungua sura ya 209 ya Sheria ya Mali ya Texas. Angeifungua, angekuta kifungu cha 209.009 kinakikataza chama cha wenye nyumba kuuza nyumba kwa deni la faini peke yake, au la gharama za wakili zilizotokana na faini hiyo. Bembea yako, basi, haiwezi kukutoa ndani. Ada inaweza. Masharti ya chama yaliyosajiliwa, ambayo yalikubana siku uliponunua hata kama hukuyasoma, kwa kawaida huifanya ada kuwa dai linaloishikilia nyumba. Kwa dai hilo chama huomba amri ya mahakama, nyumba ikapigwa mnada. Nyumba ikishauzwa, unazo siku 180 za kuikomboa tangu utumiwe taarifa ya mauzo, tena kwa kulipa deni na gharama zote za wale uliotaka kuwatia adabu. Huko mahakamani hakuna atakayeuliza habari za bembea. Watauliza risiti.

"Lakini nikilipa, watakata faini kwanza." Hawaruhusiwi. Kwa utaratibu wa kifungu cha 209.0063, pesa yako huanza na malimbikizo ya ada, ikaja ada ya sasa, zikafuata gharama za mawakili. Faini iko nyuma ya hizo zote. Kama umeshalimbikiza, omba mpango wa malipo: chama chenye viwanja zaidi ya 14 kwa kawaida hakina budi kukupa angalau miezi mitatu.

Na tafadhali, hata kama jiji lilikupa kibali cha bembea, kibali hicho hakifuti masharti ya chama.

Haya, bembea yenyewe. Soma masharti: urefu, umbali kutoka kwenye uzio, rangi. Piga picha za bembea za majirani zilizoachwa bila faini. Jitolee kuipunguza, kuisogeza, kuipaka rangi au kuifichia miti. Neno likiwa na utata, ng'ang'ania hapo hapo: mjini Lee's Summit, Missouri, familia iliyoshtakiwa kwa bembea ya zambarau ilishinda mwaka 2015, maana masharti yalitaka tu rangi zipatane na mazingira. Msuluhishi ni nafuu kuliko kesi. Zaidi ya yote, omba kwa maandishi kusikilizwa na bodi ndani ya siku 30, zinazohesabiwa tangu barua ya faini ilipotumwa, si tangu ulipopata ujasiri wa kuifungua. Tuma ombi kwa rejista, stakabadhi uitunze.