Kabureta Huja Mwisho

Injini ililala uani kwetu, Mtoni kwa Azizi Ali, miezi minne: krenki juu ya meza, pistoni zimepangwa kwa namba kwenye gunia, boliti zimegawanywa katika makopo matupu ya maziwa ya unga. Jumamosi tuliyoirudisha garini na kupiga stata, iliwaka mara ya pili tu. Watoto wa jirani wakashangilia. Nilipoinua mguu kwenye pedali ya mafuta, ikazima.

Nikawasha tena, ikazima tena. Ukiikanyaga inanguruma vizuri, lakini sailensa, yaani kunguruma chini bila kukanyagwa, haina. Ndani ya nusu saa walikuwa wamesimama watu sita, na wote walikuwa na dawa moja: hiyo ni kabureta, zungusha skrubu. Mzee anayenifundisha kazi, fundi wa Tandika aliyeshika spana tangu miaka ya 1970, alikuwa kwenye kigoda akinywa kahawa. Akaniambia niweke bisibisi chini.

Agizo hilo ndilo lililonifanya niandike. Skrubu ya kabureta ni ya kumalizia kazi. Haitengenezi kilichoharibika, na anayeanzia hapo hufunika kosa moja kwa kosa jingine.

Gari la baba

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Marehemu baba aliliacha chini ya mwembe, nasi tukalizoea kama sehemu ya nyumba. Injini yake ya petroli ina silinda nne na ukubwa wa sisi 2,286, na asili yake ni ile iliyofungwa kwenye Series II mwaka 1958. Watu wa rika langu wanaijua sauti yake: gari la polisi, la misheni, la bwana shamba. Oktoba 2024, wapenzi wa magari haya walipokusanyika Arusha kwa tamasha la Land Rover, ilionekana wazi kwamba mapenzi hayo hayajaisha.

Hata enzi zile ulikuwapo ufundi wa juu zaidi. Bert Shankland, dereva wa hapa Dar es Salaam, alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404 iliyonyunyiziwa mafuta kwa pampu badala ya kabureta. Lakini gari la kwenda kijijini lilibaki na kabureta, kwa sababu moja kubwa. Likigoma porini, dereva aliifungua kwa bisibisi, akapuliza jeti kwa mdomo, akaendelea na safari.

Pima, usikisie

Injini yetu ilikuwa ikila oili na kutoa moshi wa bluu. Tulipima kompresheni kabla ya kufungua chochote, tukakuta silinda ya tatu iko chini kuliko wenzake. Hedi ilipotoka, sababu ilionekana. Ukuta wa silinda ulikuwa umelika pale ringi zinapogeukia, na ukipitisha ukucha unanasa kwenye kingo.

Bloku ilikwenda Chang'ombe kwa wachonga vyuma. Silinda zilichongwa hadi saizi ya ishirini, yaani kuongeza sehemu 20 kwa 1,000 za inchi, kama nusu milimita. Krenki ikasuguliwa saizi ya kumi. Pistoni za saizi ya ishirini tulizisaka Gerezani wiki tatu, duka kwa duka.

Nilidhani kinachofuata ni kufunga. Mzee akakataa. Kila ringi iliingizwa peke yake ndani ya silinda, ikasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na mwanya kati ya ncha zake ukapimwa kwa fila. Ringi ikipata moto hutanuka. Isipoachiwa nafasi, ncha hugusana, ikavunjika au ikakwaruza silinda uliyoilipia juzi. Kazi hiyo ilimaliza mchana mzima.

Kwenye hedi kulikuwa na jambo la historia. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda siti za vali za ekzosi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imetoka kwenye pampu. Ni ushindi mkubwa, maana risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ila siti laini za zamani zikabaki bila kinga, kwa hiyo tukaweka ngumu. Boliti za hedi tukazikaza kwa spana ya toki, tukianzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Skrubu ya mwisho

Turudi Jumamosi ile. Mzee alimaliza kahawa yake, tukaanza upya kwa utaratibu. Tapeti: milimita 0.25, zote nane. Pointi za distribyuta: kati ya milimita 0.35 na 0.40. Waya za plagi: moja, tatu, nne, mbili. Taimingi: sawa. Kisha tukapaka maji kwa brashi kwenye maungio ya manifodi huku mtu akishikilia mafuta. Sauti haikubadilika, kwa hiyo hewa haikuwa ikiingia hapo.

Sasa kabureta, Zenith 36 IV. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Hewa inapita kwenye koo jembamba, kasi yake inaongezeka, shinikizo linashuka, na petroli inavutwa kupitia tundu dogo la jeti. Injini inataka kama gramu 15 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Tulipoweka rula juu ya uso wa kifuniko, mwanga ulipenya chini yake. Kifuniko kilikuwa kimejikunja kwa joto na kwa mikono ya miaka mingi iliyokaza skrubu kupita kiasi. Oringi ndogo ya ndani ilikuwa kavu kama gome. Petroli ilikuwa ikipita pembeni, mahali ambapo hakuna skrubu inayoweza kuifikia.

Mzee alilaza kioo cha dirisha mezani, akatandaza msasa laini juu yake, akasugua kifuniko kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ukang'aa rangi moja. Tukaweka oringi mpya na gasketi mpya. Injini ikaachwa ipate moto. Ndipo aliponirudishia bisibisi. Nikafunga skrubu taratibu hadi mwisho, nikafungua mzunguko mmoja na nusu, kisha robo kwa robo nikisikiliza. Mahali fulani mngurumo ulinyooka, gari likaacha kutetemeka. Nikasimama hapo. Tulikwenda Mbagala na kurudi. Plagi zilitoka na rangi ya kahawia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kale. Wakitazama barabarani wataona sivyo. Bodaboda nyingi zinazotubeba kila siku zina kabureta, ndogo kuliko ile ya Land Rover lakini ya kanuni ile ile. Vijana wanaosomea magari pale VETA Chang'ombe watahitaji kompyuta ya kusoma hitilafu, na ni haki yao. Watahitaji pia Jumamosi chache kando ya kigoda cha mzee, wakati wazee hawa bado wapo na masikio yao yangali makali.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alisimama getini. Pikipiki yake ilikuwa inazima kila akipunguza mafuta, akaomba bisibisi ya kuzungushia skrubu. Nilimpa spana ya plagi kwanza.