Maji moto yanavyomeza umeme nyumbani

Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi huhitaji takriban yuniti 4.65 za umeme. Familia inayofanya hivyo kila siku hutumia karibu yuniti 140 kwa mwezi, kabla ya kuwasha hata taa moja.

Ndiposa kanuni za mwaka 2012 nchini Kenya ziliwataka wenye majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 kwa siku kuweka mitambo ya miale ya jua.

Asiye na mtambo huo aweza kufunika tangi na mabomba ili joto lisipotee, na kupunguza moto wa tangi hadi nyuzi 60. Asishushe zaidi, kwani bakteria hatari wa Legionella huzaliana katika maji vuguvugu.