Jinsi ya kuandaa dipu baridi ya matabaka saba kwa sherehe, hata kama huna friji

Kipaimara, mahafali, sendofu, Krismasi. Ukiwa Mbulu au Hanang, msimu wa sherehe ukianza kadi za mwaliko zinafuatana. Pilau na nyama vipo, soda zipo. Ila wageni wakifika mapema na sufuria bado liko motoni, unawapa nini?

Watu wengi wanaona kwenye simu bakuli la kioo lenye rangi rangi, watu wanachovya na kula. Hiyo ni dipu ya taco. Habari njema ni kwamba karibu kila kitu kinachohitajika kiko sokoni Katesh, Dongobesh au Haydom.

Imetoka wapi?

Taco ni mkate mwembamba wa mahindi wa Mexico, unaokunjwa na kujazwa nyama, maharage na pilipili. Wamarekani wa Texas, jirani na Mexico, walichukua ladha hizo wakazipanga kwenye bakuli, tabaka juu ya tabaka. Kuanzia miaka ya 1980 chakula hicho kikawa maarufu kwenye sherehe zao.

Kumbuka pia kwamba maharage, mahindi, nyanya, pilipili na parachichi vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilifika kwetu karne nyingi baadaye, tukavizoea hadi tukaona ni vyetu. Kwa hiyo dipu hii si ngeni kama inavyoonekana.

Mahitaji (watu 20)

- Maharage mekundu makavu, nusu kilo
- Mtindi, lita 2
- Parachichi kubwa zilizoiva, 6
- Nyanya ngumu, 8
- Vitunguu maji, 3
- Vitunguu saumu, punje 6 (Mbulu kwenyewe ndiko vinakolimwa, usinunue vya unga)
- Karoti 3 na pilipili hoho 2
- Mayai ya kuchemsha, 5, au jibini ukiipata
- Limao 2, giligilani fungu moja
- Bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili ya unga, chumvi, mafuta
- Unga wa ngano kilo 1 kwa ajili ya chapati za kuchovea

Hanang ni nchi ya ngano. Mashamba makubwa ya Basotu yalianza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Basi chapati ndo zichukue nafasi ya zile bisi ngumu za mahindi za Wamarekani.

Usiku wa kuamkia sherehe

Loweka maharage. Kisha mimina mtindi kwenye kitambaa safi cheupe, funga, utundike juu ya bakuli hadi asubuhi. Maji yatadondoka, utabaki na kitu kizito kama krimu, takribani nusu ya ulichoweka.

Mtindi uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza, halafu yakapoa na kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu, na kuganda peke yake hakuviui kwa uhakika. Kwenye sherehe unalisha watoto, wajawazito na wazee, kwa hiyo hapa usibahatishe.

Maharage: usikimbilie

Mwaga maji uliyolowekea, weka mapya. Chemsha kwa moto mkali angalau dakika 30, kisha punguza moto yaive hadi yapondeke kirahisi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Moto mkali ndio unaoiondoa. Moto wa chini tangu mwanzo hautoshi.

Kuna jambo la kijiografia pia. Nyanda za juu za Mbulu na Hanang ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa takribani nyuzi 95 badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Ukifuata muda wa video iliyorekodiwa pwani, utapata maharage magumu.

Yakiiva, kaanga kitunguu kimoja na vitunguu saumu, weka bizari na pilipili, changanya na maharage, kisha ponda.

Kupanga matabaka

1. Maharage yaliyopondwa, yakiwa yamepoa kabisa. Yakiwa ya moto yatayeyusha mtindi.
2. Parachichi lililopondwa na maji ya limao na chumvi. Limao huzuia lisiwe jeusi.
3. Mtindi mzito, chumvi kidogo.
4. Nyanya zilizokatwa vipande vidogo. Toa mbegu na maji, la sivyo dipu itaogelea.
5. Karoti iliyokwaruzwa na hoho.
6. Mayai yaliyokwaruzwa, au jibini.
7. Kitunguu na giligilani juu.

Chapati kata vipande vya pembetatu, kaanga kwenye mafuta hadi viwe vikavu na vigumu. Vikilegea havichovi, vinakatikia humo humo.

Kama huna friji

Hapa ndipo sherehe nyingi zinaharibikia. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana haraka. Baadhi huacha sumu ambayo hata ukipasha chakula haitoki. Baridi ya Mbulu ya Juni hadi Agosti inasaidia usiku, lakini ndani ya turubai saa nane mchana, watu wamejaa, ni joto tu.

Tuseme wageni wanaanza kula saa 9 alasiri. Fanya hivi:

- Acha maharage jikoni, moto kabisa, hadi saa 8.
- Saa 8, yatandaze kwenye sinia pana na uliweke juu ya beseni la maji baridi. Yakiwa tabaka jembamba yanapoa fasta.
- Saa 8 na dakika 40, ponda parachichi na upange matabaka.
- Saa 9, weka mezani. Saa 10, kilichobaki kitolewe. Usikiweke kwa ajili ya kesho.

Ukipata barafu na deli, unaweza kuandaa mapema kidogo, mradi barafu isiyeyuke yote.

Bakuli moja au vikombe?

Bakuli la kioo linapendeza kwenye picha. Ila wageni 20 wakichovya bakuli moja, na wengine wakirudisha kipande walichokwisha kung'ata, ni kubadilishana mate. Panga matabaka kwenye vikombe vidogo vinavyoonyesha ndani, kila mgeni na chake. Rangi zinaonekana, foleni inapungua, na mama wa jikoni anajua kila mtu amepata.

Na maji ya kunawa, pamoja na sabuni, yatangulie kabla ya vikombe.