Darasa lililogeuzwa
Darasa lililogeuzwa ni mbinu ya ufundishaji ambapo wanafunzi hupata maelezo ya somo kabla ya kipindi, hasa kwa video fupi zilizowekwa kwenye ukurasa wa kozi katika intaneti. Muda wa darasani hubaki kwa maswali, mazoezi na majaribio. Kwa hiyo mhadhara huhamia nyumbani na kazi ya nyumbani huhamia darasani.

Historia

Mwaka 2000 wahadhiri watatu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Miami, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walichapisha makala kuhusu mbinu hiyo. Wakati huo walitumia hata kanda za video.

Ilijulikana zaidi kupitia Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa sekondari ya Woodland Park, Colorado. Wanafunzi wao wengi walikosa vipindi kwa sababu ya safari ndefu za michezo, hivyo mwaka 2007 walimu hao walianza kurekodi masomo. Ikaonekana kwamba hata waliohudhuria walizitazama video ili kurudia. Sams akajiuliza ni lini hasa mwanafunzi anamhitaji mwalimu. Jibu lake: si wakati wa kunakili maelezo, bali anapokwama. Mwaka wa masomo uliofuata walirekodi masomo mapema.

Utaratibu

Video huwa ya dakika chache, na mwanafunzi anaweza kuisimamisha au kuirudia. Kwenye ukurasa wa kozi, kwa mfano wa Moodle (programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002), mwalimu huongeza maswali machache. Majibu humwonyesha mapema wapi darasa limekwama. Kutengeneza video ni sehemu rahisi. Kazi kubwa ni kupanga kipindi kilichobaki wazi, kwani mwalimu akirudia yaleyale ya video, wanafunzi huacha kuitazama.

Changamoto

Mwanafunzi asiye na intaneti au kompyuta nyumbani huachwa nyuma. Bergmann na Sams waliwapa wanafunzi wa namna hiyo masomo kwenye DVD. Mwaka 2012 ilitolewa programu ya KA Lite, inayohifadhi video za Khan Academy ndani ya kompyuta moja ya shule. Wanafunzi huzitazama kupitia mtandao wa ndani bila intaneti. Katika hali hiyo video hutazamwa shuleni, kabla ya kipindi au baada ya masomo, na ratiba ya shule hulazimika kutenga muda huo.