Vinywaji vya Kienyeji katika Ufundishaji wa Jiografia

Mwanafunzi anayetaja majimbo yote ya Kongo kwa moyo bado hajawa mwanajiografia. Jiografia huanza pale anapouliza: kwa nini kitu hiki kipo hapa, wala hakipo kule? Vinywaji vya kienyeji hulifaa swali hilo, kwani kila mwanafunzi huvijua tangu nyumbani.

Kazi ya kwanza ni kukusanya habari. Kila mwanafunzi huwauliza wazee wake jina la kinywaji kilichotengenezwa kijijini kwao na mmea unaokitoa. Kazi ya pili ni kuchora ramani yenye alama moja kwa kila kinywaji. Huko Kivu huonekana kasiksi ya ndizi, kusini mwa Katanga munkoyo, na katika msitu wa bonde la Kongo pombe ya mchikichi.

Kazi ya tatu ni kuilinganisha ramani hiyo na ile ya mwinuko na mvua. Bukavu iko kwenye mita 1500 hivi, na kiangazi chake ni kifupi, migomba husitawi. Kisangani, kwenye mita 400 hivi karibu na ikweta, ina joto na mvua ziupendezazo mchikichi. Lubumbashi hukosa mvua takriban tangu Mei hadi Septemba. Huko uji wa mahindi huchanganywa na mizizi ya porini, ambayo hugeuza wanga kuwa sukari.

Hata hivyo, hali ya hewa haielezi yote. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Munkoyo hunywewa Zambia pia, maana mpaka wa kikoloni haukukata desturi. Tena mjini Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910, vinywaji vya pande nyingi hukutana, kwa sababu migodi na reli, iliyofika Ilebo mwaka 1928, vilileta wafanyakazi kutoka Kasai na kwingineko. Alama hizo hufasiriwa kwa historia, si kwa mvua.

Hapo ndipo penye uzito wa somo. Ramani ikisomwa vibaya, kinywaji hugeuka kuwa chapa ya kabila, na mahali hudhaniwa kuwa mali ya watu wa namna moja. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, ingawa wengi walizaliwa huko. Mwanafunzi aliyezoea kutenganisha sababu za maumbile na zile za historia hatadanganywa upesi na ramani ya namna hiyo.